Ngazi ya Dereva Kijana Ianzie Karakanani Mpanda

Katika mchezo wa mbio za magari upo ukweli mmoja ambao aghalabu haupewi uzito wake. Dereva hodari hazaliwi akiwa ameshika usukani. Hutengenezwa kwa madaraja, kama vile mwalimu, tabibu na mhandisi wanavyotengenezwa. Huanza utotoni na kigari kidogo kisicho na bodi, akapanda gari la kiti kimoja la daraja la chini, kisha la kati, hata wachache kabisa wakafika kwenye mbio za Langalanga ambazo dunia nzima huzitazama. Nchi zilizojenga ngazi ya namna hiyo hutoa madereva. Nchi zisizo na ngazi hutoa watazamaji.

Tanzania bado imo katika kundi la watazamaji. Kijana wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, aweza leo kuzitazama mbio za Langalanga katika simu ya mkononi, akawajua madereva kwa majina na magari yao kwa rangi. Lakini akiuliza yeye mwenyewe aanzie wapi, hapana mtu wa kumjibu. Akitaka kucheza mpira ataelekezwa kiwanjani. Akitaka kukimbia kwa miguu ataambiwa aanze na mashindano ya shule. Akitaka kuendesha gari la mashindano atachekwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lake si la kuchekwa, na kwamba jibu lake lipo karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza yafaa ieleweke ngazi yenyewe ikoje. Mwaka 2014 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilianzisha daraja liitwalo Formula 4 liwe mlango wa kwanza wa kuingilia mbio za magari ya kiti kimoja. Kijana huruhusiwa kuingia akiwa na umri wa miaka 15, yaani miaka mitatu kabla ya umri ambao sheria ya Tanzania humruhusu mtu kupata leseni ya kuendesha gari barabarani. Gari lake lina injini yenye nguvu za farasi zipatazo 160 hadi 180. Halina paa, magurudumu yake yako wazi, na ndani yake hamna nafasi ya mtu wa pili. Baada ya hapo huja Formula 3, kisha Formula 2. Mwisho ni Langalanga, ambako mtu haruhusiwi kuingia mpaka awe amekusanya pointi 40 katika madaraja ya chini na, kwa kawaida, awe ametimiza umri wa miaka 18.

Jambo kubwa katika daraja hilo la kwanza ni usawa. Katika kila mashindano ya Formula 4 washindani wote hutumia bodi ya mtengenezaji mmoja, injini ya aina moja na tairi za aina moja. Kusudi lake liko wazi. Magari yakiwa sawa, anayetangulia ametangulia kwa akili yake, kwa macho yake na kwa mguu wake wa breki. Kijana hujifunza kufunga breki kwa kuchelewa bila ya kupoteza njia, kulisoma gari kwa kiti anachokalia, na kuwaeleza mafundi kwa maneno machache kile gari linachofanya katika kona. Lando Norris alishinda mashindano ya daraja hilo nchini Uingereza mwaka 2015, na miaka minne baadaye alikuwa ameketi katika gari la Langalanga. Hivyo ndivyo ngazi inavyofanya kazi inapofanya kazi.

Hata hivyo ngazi hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe ni kubwa. Formula 4 ilianzishwa kwa nia ya kupunguza gharama, lakini leo msimu mmoja katika nchi za Ulaya humgharimu mshindani mamia ya maelfu ya euro. Injini ni sawa, tairi ni sawa, ila mifuko ya wazazi haiko sawa. Mshindi wa kwanza wa Formula 4 ya Italia, mwaka 2014, alikuwa Lance Stroll, mwana wa tajiri mkubwa wa Kanada. Wazazi wa Esteban Ocon wa Ufaransa, ambaye baba yake alikuwa fundi wa magari, waliuza nyumba yao wakaishi katika nyumba ya magurudumu ili mtoto aendelee na mashindano. Lewis Hamilton, ambaye babu na bibi yake upande wa baba walitoka katika kisiwa cha Grenada, alianza vigari vidogo akiwa na umri wa miaka minane, na baba yake alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili kulipia. Laiti timu ya McLaren isingemchukua mwaka 1998 na kumgharimia, huenda bingwa huyo wa dunia mara saba asingejulikana nje ya mtaa wao.

Kwa hiyo anayesema kwamba Tanzania inunue magari ya Formula 4, ijenge barabara ya mbio ya lami yenye viwango vya kimataifa, ndipo vijana waanze, anataka vijana hao wasubiri hadi wazeeke. Nchi haina kiwanja hata kimoja cha aina hiyo, na ina mahitaji mengi yanayotangulia. Lakini mtu akiitazama historia ya mchezo huu ataona kwamba ngazi yenyewe haikuanza na vitu vya fahari.

Kigari cha kwanza cha gokati kilitengenezwa mwaka 1956 huko California, Marekani, na fundi aliyeitwa Art Ingels. Aliunga mabomba ya chuma, akaweka kiti kimoja na magurudumu manne madogo, kisha akafunga injini ya mashine ya kukatia majani. Hapakuwa na maajabu ya kiwanda katika kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua kukata chuma na kuchomelea. Kutoka katika chombo hicho cha karakanani ndipo ulipochipuka mchezo ambao karibu kila dereva wa Langalanga wa leo aliuanza utotoni.

Daraja la pili nalo lilianza hivyo hivyo. Mwaka 1967, katika kiwanja cha Brands Hatch nchini Uingereza, yalianza mashindano ya Formula Ford. Shule za udereva wa mbio zilikuwa zimechoshwa na injini za mashindano zilizokuwa ghali na zilizoharibika upesi, zikaamua kutumia injini ya gari la kawaida la Ford, lile ambalo karani aliliendesha kwenda kazini, katika fremu ya mabomba ya chuma. Tairi za mwanzo zilikuwa za barabarani tu. Katika magari hayo manyonge ndimo Emerson Fittipaldi wa Brazili alimojitambulisha Ulaya mwaka 1969, na mwaka 1972 akawa bingwa wa dunia. Jody Scheckter, kijana wa East London, Afrika Kusini, ambaye baba yake alikuwa na karakana, alishinda mfululizo wa mbio za Formula Ford kwao mwaka 1970, na zawadi yake ikawa safari ya kwenda kushindana Uingereza. Miaka tisa baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Mpaka leo hajatokea mzaliwa mwingine wa Afrika aliyeufikia ubingwa huo. Scheckter alikuwa Mzungu katika nchi iliyowafungia Waafrika walio wengi milango ya michezo na ya maisha, na jambo hilo halipasi kusahauliwa. Lakini somo la ngazi linabaki pale pale: zawadi moja, iliyotolewa kwa mshindi wa mashindano ya magari yanayolingana, ilitosha kumvusha bahari.

Afrika ya Mashariki ilichukua njia nyingine. Hapakuwa na ngazi. Palikuwa na barabara. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Baadaye yakaitwa Safari Rally na kusifika duniani kwa ugumu wake, hata mwaka 1963 na mwaka 1968 yakamalizwa na magari saba tu. Dar es Salaam ilitoa mshindi wa mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, Mskoti aliyeishi na kufanya kazi mjini humo, aliyeendesha Peugeot 404. Kenya ilimtoa Joginder Singh, fundi aliyekulia katika gereji, ambaye mwaka 1965 alishinda kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika, akashinda tena mwaka 1974 na 1976.

Lakini ni nani alikuwa Mwafrika katika picha za siku zile? Aghalabu alikuwa mwanakijiji aliyesimama kando ya njia, ambaye gari likinasa katika matope aliingia mpaka magotini kulisukuma, kisha akabaki ametapakaa tope huku gari likitokomea. Sababu yake haikuwa uvivu wala woga. Mbio za barabarani humtaka mtu awe tayari na gari lake, mafundi wake na vipuri vyake. Ngazi ambayo kidato chake cha kwanza ni gari zima haimfai mtoto wa mkulima. Ndiyo maana ilipita miaka mingi kabla ya Patrick Njiru wa Kenya kumaliza wa nne katika Safari ya mwaka 1994, na Charles Muhangi wa Uganda kuutwaa ubingwa wa Afrika wa mbio hizo mwaka 1999.

Mambo yalipobadilika, yalibadilika kwa sababu mtu fulani aliweka kidato cha chini. Safari iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, vijana watatu wa Kenya, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, waliingizwa katika mpango wa kukuza vipaji, wakapewa magari ya Ford Fiesta yaliyolingana na kugharimiwa. Mwaka 2022 walikuwa wakishindana na vijana wa Ulaya katika ubingwa wa dunia wa chipukizi. Mwaka huo huo binti wa Kenya, Maxine Wahome, alishinda daraja la tatu la mbio za dunia katika Safari, jambo ambalo mwanamke hakuwahi kulifanya kabla yake. Vijana hao hawakuwa na damu tofauti na ya vijana wa Katavi. Tofauti ni kwamba wao walipata mahali pa kukanyaga.

Sasa swali linarudi Mpanda. Mji huo uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Reli yenyewe ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa mali ilikuwa imekwisha kwenda na mafundi wamekwisha ondoka. Historia hiyo yatosha kuwafundisha watu wa Mpanda kwamba kitu kinacholetwa kutoka nje kwa manufaa ya wengine hakiachi ujuzi nyuma yake. Kinachobaki ni kile ambacho wenyeji wamejifunza kukifanya kwa mikono yao wenyewe.

Na kwa mikono yao wanafanya mengi. Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa, ni mkoa wa masafa marefu. Kutoka Mpanda hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika, hadi Mishamo, hadi Inyonga, hadi Usevya na Majimoto, watu na mpunga wao husafirishwa kwa malori na pikipiki katika njia ambazo masika huzigeuza kuwa tope jeusi. Kwa miaka mingi, kabla lami haijafika kutoka Tabora kupitia Sikonge na Koga, gari lililoharibika njiani lilitengenezwa njiani. Hali hiyo imelea vijana wanaoifungua injini ya pikipiki na kuifunga tena chini ya mwembe, wanaochomelea fremu iliyokatika ikarudi barabarani siku ile ile, na wanaojua kwa kusikia tu kwamba vali moja haikai sawasawa. Art Ingels alipoanza mwaka 1956 hakuwa na kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Basi hatua ya kwanza iko wazi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, pamoja na karakana za mjini Mpanda, vyaweza kutengeneza vigari vya gokati kumi vinavyolingana, kwa bomba la chuma na injini ndogo ya pikipiki ambayo vipuri vyake vinauzwa katika kila mji. Kumi vyatosha kwa mashindano. Mahali pa kuendeshea si lazima pawe na lami. Uwanja wa changarawe ulioshindiliwa, uliozungukwa na tairi kuukuu na kufungwa kwa watu na mifugo, utafaa kwa mwanzo. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyevaa kofia ngumu, mwenye mwalimu kando yake na mhudumu wa huduma ya kwanza uwanjani, ataanza pale pale walipoanza wengine.

Hatua ya pili ni ya taifa. Baraza la Michezo la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji tangu mwaka 1975. Chama cha Magari cha Tanzania ni mwanachama wa FIA, na mbio za magari zilizopewa jina la Mkwawa zimekwisha kuingizwa katika ubingwa wa Afrika. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni kuviunganisha, ili bingwa wa vigari wa Katavi akutane na bingwa wa Iringa, wa Tanga na wa Arusha katika vigari vinavyolingana, na mshindi wao apewe nafasi ya kwenda kujifunza gari la kiti kimoja mahali linapofundishwa. Nafasi moja kwa mwaka ingekuwa mwanzo mwema. Scheckter alipewa moja.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa anasa, na kwamba shule zinahitaji madawati kabla ya vigari. Hoja hiyo ina heshima yake na lazima ijibiwe. Ni kweli kwamba fedha za madawati zisiguswe. Lakini kigari kilichochomelewa na mwanafunzi wa ufundi ni somo, na chuma hicho hicho na saa hizo hizo zingetumika hata hivyo katika mafunzo ya karakana. Mwanafunzi atakayepima pembe za usukani mpaka kigari kiache kuvuta upande mmoja amejifunza hesabu, fizikia na uchomeleaji kwa pamoja. Kati ya watoto mia watakaokiendesha, pengine hakuna hata mmoja atakayefika Langalanga. Wengi watakuwa mafundi bora, madereva bora wa malori na waalimu bora wa udereva. Ngazi nzuri huwafaa hata wale wanaoishia katikati.

Wako pia watakaohofu kwamba kuwafundisha vijana mbio ni kuwachochea waende mbio barabarani. Hofu hiyo inaeleweka kwa kila aliyepata kuzika kijana wa bodaboda. Lakini kijana wa bodaboda hakufundishwa mbio. Hakufundishwa kitu chochote, naye alijifunza mwendo kasi peke yake, katikati ya watoto, ng'ombe na malori. Uwanja uliofungwa humwonyesha mtu kwa mwili wake jinsi gari linavyochukua nafasi ndefu kusimama, na jinsi kosa dogo la mkono linavyomtupa nje ya njia. Humpa pia mahali pa kuitoa hamu ya ujana. Mwalimu hana budi kuweka sharti moja lisilo na huruma: atakayekamatwa akikimbiza chombo barabarani asiguse tena usukani wa kigari.

Jambo la mwisho ni la haki. Mpango wa namna hii ukianza bila ya ulinzi, miaka miwili haitapita kabla ya kigari chenye injini bora kumwendea mtoto wa mwenye nacho, na nafasi ya safari kumwendea mpwa wa mwenye cheo. Dawa ni kanuni ya usawa: chombo kiwe mali ya wote, washindani wagawiwe kwa kura asubuhi ya mashindano, na saa ndiyo iamue. Wasichana wapige kura hiyo hiyo pamoja na wavulana, kwa kuwa katika mchezo huu wote hushindana uwanja mmoja. Saa haina mjomba.

Haya yana uharaka wake. Bara la Afrika halijaandaa mbio za Langalanga tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Desemba 2024, FIA ilipofanya mkutano wake mkuu mjini Kigali, Rwanda ilitangaza nia yake ya kuzirudisha barani. Yakifaulu hayo, iwe Kigali au kwingineko, viwanja vitajengwa, wageni watakuja, na bendera zitapepea. Itakuwa aibu kubwa iwapo siku hiyo kijana wa Afrika ya Mashariki atakuwa bado yuko alikokuwa mwaka 1953, kando ya njia, akingoja gari la mwingine linase ili alisukume. Kumwepusha na hali hiyo hakuhitaji mabilioni. Kunahitaji vigari kumi, uwanja wa changarawe, mwalimu mkali na saa isiyosema uongo. Mpanda inaweza kuanza navyo msimu huu wa kiangazi.